Ukurasa wa Pili

Hapa Newala hatutupi.
Maji yakiuzwa kwa ndoo, hata kopo la rangi
unalisugua mara tatu kwa mchanga,
unalitega chini ya bati, unangoja mvua.
Dumu likipasuka shingo, linakatwa, kuku wananywea.
Ndala zikiisha kisigino huwa bawaba za mlango,
na chupa ya maji ya mgeni wa semina,
mwenyewe kabla hajafika stendi,
imeshajazwa uraka, imeshazibwa kwa gunzi.

Nilidhani nayajua yote haya.
Nilifundisha Sayansi Kimu miaka kumi na minane,
mikeka ya mifuko ya rambo ilisukwa mbele yangu.

Jumatatu nikanunua korosho za mia tano kwa Somoe Likwena,
bado za moto,
ndani ya karatasi iliyozungushwa kama pembe.
Nikala ya kwanza. Nikala ya pili.
Ya tatu ikanikaba:
ukingoni mwa karatasi, mwandiko wangu.
Ile "g" yenye mkia mrefu
niliyowacharaza watoto wa watu ili waiige.

YAH: MADAI YA MALIMBIKIZO YA MSHAHARA.
Muhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA.
Tarehe ya miaka mitatu na miezi.
Mafuta ya korosho yalikuwa yamepenya
pale nilipoandika "kwa heshima na taadhima",
hata maneno yakawa kama kioo:
ukiyainua juani, unauona ukuta wa benki.

"Karatasi hizi unazitoa wapi, mama?"
"Kwa Nantende, anayefagia masijala.
Kilo mia nane. Safi, upande wa pili mweupe."
Akanitazama. "Kwani yako imechafuka?"
Haijachafuka, nikasema.

Sikukasirika.
Au nilikasirika, mpaka kwa fundi baiskeli,
nikasimama hapo kama niliyekuja kujaza upepo.
Miaka mitatu ililala kwenye faili,
haikuguswa na mkono wala macho.
Leo imebeba kitu. Imepata joto.
Imefunguliwa kwa vidole vyenye njaa,
imesomwa hadi mstari wa mwisho.
Ubaya ni kwamba msomaji nilikuwa mimi.

Na kiasi ninachodai kiko ukurasa wa pili.

Basi nanunua kila siku.
Jumanne nikapata mahudhurio ya kikao cha usafi wa mazingira,
posho zimesainiwa, wengine mara mbili.
Jumatano, ombi la likizo ya uzazi la Tekla Chilemba.
Nikampelekea. Mtoto mwenyewe yuko chekechea sasa;
mama alicheka, akaikunja ndege,
mtoto akairusha hadi juu ya banda la mbuzi.
Alhamisi, malalamiko ya mpaka wa shamba,
ya Mnyambe, tuliyemzika mwaka juzi.
Hiyo sikujua niipeleke wapi.
Nimeinyoosha, iko chini ya kioo cha meza.

Mke wangu anasema korosho zitakula hela ya dawa.
Zilizoloa mafuta anawashia jiko, zinashika haraka.
Zenye mgongo mweupe anampa mjukuu wetu Shaweji
afanyie hesabu.
Jana usiku nilisahihisha: kumi na saba toa tisa,
na kwa nyuma, herufi zikionekana kinyumenyume,
"suala lako linashughulikiwa".
Mtoto alipata.

Leo Ijumaa. Somoe ameniona tangu mbali,
mkono uko tayari juu ya rundo.
"Nikupe ya juu, au nichimbue chini?"
Chimbua, nasema.
Chimbua taratibu, usichane.